Chonge bandia za vampaya: punje ndizo zinazoleta shida

Ndani ya pakiti kuna chonge 2 za akriliki zilizo wazi kwa ndani, kipakiti cha punje nyeupe za plastiki, na karatasi ya maelezo fupi kupita kiasi. Gundi haimo, na ni heri. Kinachoshika ni punje: zikifika kama nyuzi joto 60 za Selsiasi hulainika, zikipoa hukakamaa kwa umbo la jino lako.

Kwa sura, hizi ni chonge za mwigizaji Christopher Lee akiwa vampaya, yaani mnyonya damu wa hadithi, katika filamu ya Dracula ya mwaka 1958. Anayemtaka vampaya wa filamu ya Nosferatu ya 1922 hazitamfaa, maana yule meno yake marefu ni ya mbele, kama ya panya. Anayemwiga Bela Lugosi, Dracula wa filamu ya 1931, abaki na pesa yake. Yule hakuonyesha chonge kabisa.

Sasa punje. Zitie kwenye maji ya moto na uzitazame: zikiwa bado nyeupe, hazijaiva, ziache mpaka ziwe angavu kama kioo. Hapo wengi huharaka, kisha wanalalamika kwamba chonge inacheza. Jaza theluthi mbili tu ya uwazi, kwani ukijaza pomoni plastiki itafurika juu ya ufizi. Subiri sekunde chache isikuunguze, kausha jino kwa karatasi laini (mate ni adui mkubwa hapa), kisha sukuma chonge juu ukiwa mbele ya kioo. Usiing'ate ili ikae, itapinda. Plastiki ikianza kurudi nyeupe, itikise taratibu na uivue. Ukingoja ikauke kabisa, ile iliyopenya kati ya meno itajifunga kama kabari.

Imekaa upande? Irudishe kwenye maji ya moto uanze upya, punje haziharibiki. Kwa sababu hiyohiyo, kinywaji cha moto hulegeza kila kitu mdomoni.

Matamshi hayaharibiki sana, ila “f” na “v” zitakukwaza kidogo mwanzoni, kwa kuwa meno ya juu ndiyo yanayogusa mdomo wa chini. Kasoro ya kweli ni rangi: zinang'aa mno zikikaa pembeni mwa meno halisi. Msasa laini hupunguza mng'ao huo.

Mwenye nyaya za meno, jino la bandia au jino linalolegea asizivae. Karatasi ya maelezo ilipaswa kuanza na onyo hilo, lakini limewekwa nyuma, kwa herufi ndogo.