Nilipeleka maji ya ploti yetu maabara, hivi ndivyo ilivyokuwa

Wenzangu wa Kahawa West na kwingineko mnaokunywa maji ya kisima cha ploti, someni hii. Binti yangu ana miaka 8, meno mapya ya mbele yalitoka na mistari myeupe kama chaki halafu yakaanza kugeuka kahawia, na mtoto anapiga mswaki kila siku, nikajua tu hapa ni maji.

Kwanza nilinunua ile kalamu ya TDS, ya kupima chumvi zilizoyeyuka kwa maji, ikasoma 210, muuzaji akaniambia hayo ni maji masafi kabisa. Kumbe inajumlisha tu chumvi zote kwa pamoja, haikwambii ni gani, na risasi (lead), yale madini ya sumu, haifai kuzidi miligramu 0.01 kwa lita, sasa kalamu kama hiyo itaionea wapi?

Ndio nikaenda maabara moja Industrial Area. Wakanipa chupa mbili za plastiki, ndogo, ya risasi, ina matone ya asidi, dada wa kaunta akanionya nisiisuuze, ati bila asidi risasi inashika kwa kuta za chupa na mashine haiioni. Hiyo niliijaza alfajiri kabla mtu yeyote afungue mfereji, maana maji yaliyolala kwa paipu ndio hubeba madini ya paipu. Ile kubwa, ya floraidi (madini ya maji ya kisima ambayo yakizidi huacha madoa kwa meno ya watoto), niliacha maji yatiririke kwanza.

Waliniambia siku 5, ikawa 9, tena mpaka nikapiga simu mimi. Na ripoti ni namba tupu, hapo walinikasirisha, mzazi wa kawaida atajuaje 3.8 ni mbaya? Lakini yule dada akanieleza polepole bila kuchoka: risasi haikuonekana, floraidi ni miligramu 3.8 kwa lita na WHO inasema isipite 1.5. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki, na mimi miaka yote nachemsha nikijua namlinda mtoto. Iliniuma sana, manake hayo madoa hayarudi nyuma.

Sai ya kunywa na kupika nanunua yaliyochujwa kwa RO (reverse osmosis, chujio la utando mwembamba sana), na hata hayo niliyarudisha kwao yapimwe, floraidi 0.3. Kama unaenda, wataje wapime nini, ukisema tu "pima maji" unaweza kupimiwa bakteria peke yake.

Ripoti nimeibandika kwa geti, na usiku huo huo mama wa namba 6, mwenye mtoto wa miezi 8, akabisha kuniuliza uji apikie maji gani.