Uzoefu wangu Fisher House, Minneapolis: usiku 19 karibu na mgonjwa wangu, bila kulipa hata senti

Tunaishi Fargo, North Dakota. Kutoka huko hadi hospitali ya VA (idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi) ya Minneapolis ni mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari, theluji ikikuhurumia. Baba watoto alijiunga na jeshi la Marekani tukiwa bado na grini kadi, akapelekwa Afghanistan, akarudi na mgongo ulioumia. Januari hii mgongo huo ulihitaji upasuaji, nami nikaandamana naye nikiwa na begi moja la nguo, pakiti mbili za unga na hesabu za pesa zisizonipa usingizi.

Usiku wa kwanza nililala moteli, dola 110. Asubuhi muuguzi wa wodi aliniuliza nimelala wapi. Nilipomjibu, hakusema neno, alishika simu akamwita afisa ustawi wa jamii wa wodi ile. Tukajaza fomu, na jioni nikawa na ufunguo wa chumba cha Fisher House, nyumba ya kulala bure kwa familia za wagonjwa wa jeshi, palepale kwenye uwanja wa hospitali. Nikakaa humo usiku 19.

Naandika haya kwa sababu miaka mitatu kabla ya hapo baba watoto aliwahi kulazwa katika hospitali nyingine ya mbali, nami nikalala kwenye kiti usiku kumi na mmoja. Nilikuwa nikioga kwa kitambaa kwenye sinki ya choo cha wageni, kabla watu hawajaamka. Hakuna aliyeniambia. Siku ya kuondoka ndipo nilipojua kwamba upande wa pili wa maegesho kulikuwa na nyumba ya watu kama mimi. Bado inaniuma, na sitaki mke au mama mwingine wa mwanajeshi apitie hayo kwa kukosa tu habari.

Basi nyumba yenyewe. Usifikirie bweni. Kila familia ina chumba chake chenye bafu lake, vitanda safi, mlango unaoufunga ukalia ukitaka kulia. Sebule, meza kubwa za chakula na mashine za kufulia ni vya wote, na jiko ndilo moyo wa nyumba. Friji kubwa, kila mmoja na sehemu yake. Unapika mwenyewe, na siku nyingine watu wa kujitolea wanaleta chakula cha jioni kwa wote.

Siku ya tatu nilisonga ugali, nikakaanga sukuma (huku dukani wanaiita collard). Mama mmoja wa makamo ya mama yangu, ambaye mumewe alipigana Vietnam, akaja akasimama kando yangu akiangalia mwiko. Nikamkaribisha. Akala kwa mkono kama nilivyomwonyesha, taratibu, kisha akaanza kunisimulia mumewe alivyokuwa akiamka usiku akipiga kelele miaka ya sabini, na yeye hana wa kumwambia. Nilimwelewa neno kwa neno. Nyumbani kwetu Fargo majirani ni wema, lakini mambo hayo siwezi kuwaeleza. Pale jikoni hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Usiku wa tisa, saa nane hivi, simu ikalia: homa imepanda, anakuuliza wewe. Nilivaa koti juu ya kanga na viatu bila soksi. Baada ya dakika chache nilikuwa nimeushika mkono wake. Ningekuwa moteli, ningekuwa bado natafuta teksi kwenye barafu. Mkinitaka nitaje jambo moja tu ambalo nyumba hii ilinipa, nitataja zile dakika chache.

Nilitaka kujua nani anagharimia wema huu. Zachary Fisher alikuwa mjenzi wa New York, mtoto wa fundi mwashi, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 akaingia kazi ya ujenzi. Mguu aliouumiza kazini ulimzuia kujiunga na jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1990 yeye na mkewe Elizabeth walianzisha nyumba hizi, ya kwanza ikiwa Bethesda, Maryland, kwenye hospitali ya jeshi la wanamaji. Leo zimeenea Marekani, na zipo pia Landstuhl, Ujerumani, na Birmingham, Uingereza. Wakfu wao hujenga kwa michango, kisha huikabidhi serikali nyumba kama zawadi. Zilizo kwenye hospitali za VA huendeshwa na VA yenyewe. Baba yangu naye alikuwa fundi mwashi, na nilipolijua hilo nilijikuta nagusa ukuta wa korido kila nikipita.

Sasa ya muhimu kwa atakayehitaji. Huwezi kwenda kugonga mlango. Ombi hupitia kwa wahudumu wa mgonjwa wako, kwa kawaida afisa ustawi wa jamii. Kwa nyumba za VA, kipimo cha umbali ni zaidi ya maili 50 kutoka kwako, yaani kama kilomita 80, au safari ya angalau saa mbili. Vyumba vinaweza kujaa, kwa hiyo uliza kabla ya siku ya kulazwa ikiwa tarehe inajulikana, na ukiambiwa hakuna, omba jina lako liandikwe. Waulize pia kuhusu Hero Miles, mpango wa wakfu huohuo ambao hutumia maili za ndege zilizochangwa na wasafiri kuwaletea wagonjwa jamaa zao. Una masharti yake. Na uulize bila haya. Sisi tumelelewa kutosumbua watu, lakini kitanda hiki kimewekwa kwa ajili yako.

Beba mwiko wako. Sufuria zipo za kila aina, mwiko sikuuona.

Siku ya kuondoka nilimwachia yule mama pakiti ya unga iliyobaki pamoja na mwiko. Mwezi wa nne tunarudi kwa uchunguzi, na afisa ustawi ameshapokea ombi langu la chumba.