Kielelezo cha Plastiki cha Seli ya Mnyama: Kinachoonyesha na Kinachoficha

Nimekitumia kielelezo hiki kwa muhula mzima katika vipindi vya baiolojia, na kabla ya kutaja kasoro zake ni haki nikiri kwamba kwa kazi moja sijaona kingine kinachokishinda: kuonyesha jinsi utando wa nje wa kiini unavyoendelea moja kwa moja hadi kuwa retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa tando zilizokunjwa ambamo protini nyingi hutengenezwa. Katika michoro mingi kiini huonekana kama yai lililotengwa katikati ya seli, na retikulamu kama mikunjo iliyopachikwa kando yake bila sababu. Hapa mwanafunzi hupitisha kidole kutoka kwenye kiini hadi kwenye mikunjo bila kukutana na mpaka wowote, na vitundu vya utando wa kiini, ambamo RNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, hutokea kuelekea kwenye ribosomu, chembe zinazoziunda protini hizo, vimetobolewa kweli, havikuchorwa tu.

Kielelezo kina kipenyo cha sentimita 30, hufunguka nusu kwa nusu, na oganeli kubwa, yaani sehemu za ndani ya seli zenye kazi maalumu, hushikwa kwa sumaku ili ziweze kuchomolewa. Mitokondria zimepasuliwa kwa urefu, kwa hiyo tando zake mbili zinaonekana, na ule wa ndani umekunjwa vizuri kiasi cha mwanafunzi kuelewa kwamba mikunjo huongeza eneo la kutengenezea ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Oganeli nyingine, kama lisosomu na sentrioli, zipo, wala sina la kuzilalamikia.

Tatizo linaanzia kwenye vipimo. Tukichukulia seli ya mikromita 20, kielelezo kimeikuza mara 15,000, na kwa ukuzaji huo utando wa seli, ambao unene wake ni takriban nanomita 7 hadi 8, ungekuwa mwembamba kama karatasi ya daftari. Mtengenezaji ameupa sentimita nzima. Ribosomu nazo zimekuwa shanga za milimita 4, ilhali zilistahili kuwa chembe zisizofikia hata nusu milimita. Simlaumu kwa kuzikuza, maana chembe hizo zisingeonekana kutoka dawati la nyuma. Namlaumu kwa kunyamaza, kwa kuwa kijitabu kilichoambatana na kielelezo hakisemi popote kwamba vipimo vimebadilishwa.

Kinachonisumbua zaidi ni nafasi tupu. Mitokondria ni tano tu, wakati seli moja ya ini huweza kuwa na zaidi ya elfu moja, na kiunzi cha seli, yaani zile nyuzi za protini zinazoipa seli umbo na kuwa njia za kusafirishia mizigo, hakipo kabisa. Mwanafunzi huondoka akidhani seli ni mfuko wa maji wenye vitu vichache vinavyoelea. Mwili wa Golgi, oganeli inayopokea protini na kuzifungasha, umewekwa peke yake bila kifuko hata kimoja cha kubebea protini kando yake, na mwanafunzi mmoja aliponiuliza protini hufikaje hapo kutoka kwenye retikulamu, kielelezo hakikuwa na jibu. Ilinibidi nifinyange vifuko vya plastisini na kuvibandika katikati ya oganeli hizo mbili, kisha nikatandaza nyuzi za kushonea mahali pa kiunzi.

Kwa somo la utangulizi kielelezo kinatosha, na kwa usafirishaji ndani ya seli hakifai kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Atakayekinunua anunue na plastisini.