Okestra ya kupumzikia: flashi moja, vipande 22

Mkusanyo huu niliununua Mtwara mjini, katika duka dogo linalojaza nyimbo kwenye flashi, kwa shilingi 5,000, nikiahidiwa kwamba vipande vyote 22 ni muziki laini wa okestra wa kupumzikia. Nimeusikiliza kwa wiki tatu, mara nyingi kibarazani kwangu Shangani baada ya magharibi, upepo wa kusi ukivuma na sabufa ikiwa imewekwa mlangoni, na nimeridhika kwamba aliyeuchagua anaujua muziki vizuri kuliko anavyojua mtu hupumzikaje.

Vilivyo bora vimewekwa mwanzoni. "Asubuhi" ya Edvard Grieg, iliyotungwa mwaka 1875 kwa ajili ya tamthilia ya Peer Gynt, hufunguliwa na filimbi, kisha oboi, ambayo ni jamaa wa zumari letu, huupokea wimbo uleule na kuurudisha, nazo huendelea kupokezana hivyo mpaka fidla zinapoingia kwa pamoja na jua likawa limekwisha kutoka. Wengi hudhani hiyo ni asubuhi ya baridi ya kwao Norwei, kumbe katika tamthilia jua hilo linachomoza Moroko. Kinachofuata ni Vltava ya Bedřich Smetana, dakika kumi na mbili hivi za mto unaoanza kwa vijito viwili, yaani filimbi mbili zinazokimbizana, ukapita kwenye harusi ya kijijini, ukatulia chini ya mbalamwezi, kisha ukapanuka kuelekea Prague. Smetana aliutunga mwaka 1874 akiwa amekwisha kuwa kiziwi, jambo nililolisoma baada ya kuusikiliza mara ya tano, nikaona sina budi kuurudia tangu mwanzo. Mtu wa pwani anayehofia muziki usio na mwimbaji na akumbuke bashrafu za taarabu ya Unguja: nazo hazina maneno, na sijasikia aliyezilalamikia.

Kasoro yake kubwa ni mpangilio. Muziki wa okestra hauendi kwa kimo kimoja cha sauti kama bongofleva. Hushuka ukawa mnong'ono na hupanda ukajaza nyumba, na anayepanga vipande vya kupumzikia ndiye anayepaswa kuliangalia hilo. Adagietto ya Gustav Mahler, inayopigwa kwa ala za nyuzi na kinubi tu, huanza chini kiasi kwamba feni peke yake inatosha kuifunika, kwa hiyo msikilizaji huongeza sauti. Mara baada yake wameweka sehemu ya pili ya simfoni namba 94 ya Joseph Haydn, ambayo mwaka 1792 iliwashtua watu wa London: wimbo mwepesi unaonyatia, halafu okestra nzima inapiga pigo moja kwa nguvu zote. Jioni ya kwanza chai ilinimwagikia, na mtoto wa jirani aliyekuwa amelala akaamka akilia. Mama yake aliniuliza kwa upole kutoka upande wa pili wa ua, "Mwalimu, na huko ndiko kupumzika?"

Kuhusu kile kipande cha Tchaikovsky cha mwaka 1880 chenye mizinga, mizinga ni mizinga. Bolero ya Maurice Ravel ningeibakiza, ingawa nayo huishia kwa kishindo, kwa sababu ngoma ndogo hurudia mdundo uleule kwa takriban robo saa, sauti ikipanda kidogo kidogo, na msikilizaji huliona linalokuja.

Vipande vyenyewe vimeandikwa namba tupu, bila jina la mtunzi wala la okestra, nami nilivitambua kwa kuvitafuta kimoja kimoja. Adagietto imekatwa kabla ya kufika mwisho. Niliporudi dukani, kijana aliniondolea Haydn na mizinga bila malipo yoyote, lakini nakala nyingine ya Mahler hakuwa nayo, kwa hiyo kila jioni naisikiliza mpaka pale inapokatikia, feni nikiwa nimeizima.