Duka la dawa la Mwanjelwa: mfamasia aliyenichorea ini langu

Ninauza viazi kwa jumla pale Uyole, Mbeya. Duka hili la dawa liko Mwanjelwa, dogo, lina kaunta ya bluu na benchi moja tu, na kutoka kwangu ni safari ya daladala. Njiani nayapita maduka mengine ya dawa yasiyopungua matano. Nimelitumia tangu Machi, na nalipatia nyota zote.

Mara ya kwanza nilifika nikiwa sijameza dawa ya presha kwa siku kumi. Mwaka jana daktari aliniandikia amlodipini, na kwenye kipimo cha utrasaundi ikaonekana ini lina mafuta. Nikawa nameza vizuri tu mpaka binti yangu aliposoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, akakuta kwamba dawa hii huzuia kalsiamu kuingia kwenye seli. Nina miaka 56. Mifupa yangu inaitaka kalsiamu, ini lenyewe si zima, halafu kila asubuhi nafungia kalsiamu nje? Jirani akaongeza kwamba ini litakauka. Nikaacha vidonge. Na usipa, wale dagaa, na maziwa nikaacha pia, nikidhani kalsiamu ikikosa pa kuingia itajaa kwenye damu.

Mfamasia, dada mmoja mpole, alinikalisha kwenye benchi dakika tano bila kunisemesha, akaniambia niegemeze mkono kwenye kaunta, ndipo akanifunga kipimo. Ilisoma 172 kwa 104. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, dawa umeacha lini, na kwa nini?" Nikamweleza yote. Akachukua bahasha ya khaki, zile za kutilia vidonge, akaigeuza, akaanza kuchora kwa kalamu.

Upande wa kushoto akachora mshipa wa damu. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, ndani ni kidogo mno, tofauti yake inafika kama mara elfu kumi. Seli za msuli wa mshipa zina milango inayofunguka kwa umeme wa mwili wenyewe. Mlango ukifunguka kalsiamu inaingia kwa kasi, msuli unajikaza, mshipa unabana, presha inapanda. Amlodipini inakaa kwenye mlango huo na kuuzuia usifunguke ovyo. Hapo akaweka msalaba.

Kulia akachora seli ya ini, na hii ndiyo sehemu iliyoniondolea hofu. Seli ya ini haiendeshwi kwa umeme kama msuli, na ile milango ya umeme haina. Yenyewe husubiri homoni. Adrenalini ikifika, kwanza linafunguliwa ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli, na kalsiamu hiyo ndiyo inayoiamuru seli ivunje sukari iliyohifadhiwa na kuitoa kwenye damu. Ghala likianza kupungua, kuna protini inayolichunga, inaitwa STIM1. Inasogea mpaka ukingoni mwa seli na kuushika mlango mwingine kabisa, Orai1, nao unafunguka kuingiza kalsiamu ya nje ili ghala lijae tena. Akaniambia mlango huo ulitambuliwa mwaka 2006 tu, na jina lake limetoka kwa walinzi wa milango ya mbinguni katika hadithi za Wagiriki. Nilielewa palepale, maana stoo yangu inakwenda hivyohivyo: gunia zikipungua kijana wa stoo anapiga simu, fuso inaingia kutoka Isyonje.

Nikamuuliza kama kidonge changu hakiwezi kuufunga na huo. Akasema kwa kipimo ninachomeza mimi, hapana, kufuli ni tofauti. Maabara wana kemikali za kuufunga mlango wa ini wakati wa utafiti, ila si dawa hizi za presha, na dukani kwake hazipo. Kuhusu mifupa alisema kwa kifupi: "Kula usipa wako, mama, na maziwa unywe."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu. Ini kwa amlodipini ndiyo sehemu ya kuivunjia. Linaivunja polepole, nusu ya dawa huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka mwilini, ndiyo maana mtu anameza mara moja tu kwa siku. Ini likiwa limechoka sana, dawa inakaa zaidi, na daktari huanza na dozi ndogo. Akaniuliza ninameza nini kingine.

Nikamwaga mkoba. Kulikuwa na simvastatini ya miligramu 40, ya mafuta kwenye damu, niliyouziwa pamoja na amlodipini kwenye duka lingine. Pale waliniwekea boksi mbili kwenye mfuko mmoja, wakanirudishia chenji, basi. Huyu aliishika simvastatini, akasoma, akaniuliza kama misuli inauma. Mapaja yalikuwa yananiuma miezi miwili, nikijua ni gunia. Akasema zote mbili hupitia njia moja ya kuvunjwa kwenye ini, na mtu anayetumia amlodipini hapaswi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku, kwa sababu ikijazana kwenye damu inaweza kudhuru misuli. Hakubadilisha kitu kwa mkono wake. Alimpigia simu daktari wangu mbele yangu, wakazungumza, nikaandikiwa atorvastatini badala ya simvastatini. Maumivu ya mapaja yalipungua baada ya wiki kama tatu. Sitasema ni dawa peke yake, maana wiki hizo gunia nilikuwa nabebewa na vijana.

Kasoro zipo. Hakuna chumba cha faragha, kwa hiyo habari za ini langu walizisikia watu wanne waliokuwa nyuma yangu. Jioni foleni inafika barabarani. Jumapili wanafunga saa saba mchana, na nilishawahi kukuta mlango umefungwa. Bei ni ya kawaida, amlodipini vidonge 30 nalipa shilingi 4,000, na lipa namba wanapokea.

Jumamosi iliyopita presha ilikuwa 134 kwa 82. Vifundo vya miguu vinavimba kidogo jioni. Ameshaniambia amlodipini hufanya hivyo kwa wengine, na kwamba uvimbe ukipanda mguuni au nikianza kuhema nirudi kwa daktari, nisiache dawa mwenyewe.

Ukienda, beba dawa zako zote, hata za miti shamba. Atazitandaza kwenye kaunta na kukuuliza moja moja. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, ana nafasi ya kuchora.