Kliniki ya kina mama Moshi mjini: daktari nyota tano, mapokezi nyota mbili

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnaitafuta. Kumuona daktari ni elfu ishirini na tano, altrasaundi elfu thelathini na tano, na kukata kinyama cha kupima pamoja na maabara ni laki na ushee. Bima walipokea kwa daktari na altrasaundi; kinyama tulilipa mfukoni. Kliniki yenyewe iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme, na ngazi zake hazimfai mwenye magoti mabovu.

Nilikwenda na dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu kutoka Kibosho. Mimi nauza vitenge Mbuyuni na nina faibroidi za miaka mingi. Siku zangu zikifika navaa pedi mbili kwa pamoja, na kitenge cheusi juu, vinginevyo sisimami mbele ya mteja. Dada shida yake nyingine kabisa. Hedhi ilishakatika miaka mingi nyuma, halafu mwaka huu akaanza kuona matone ya damu. Duka la dawa wakampa vidonge vya UTI. Shoga yake wa jumuiya akamwambia, "Hizo ni faibroidi kama za mdogo wako, zitapotea zenyewe."

Mapokezi nayapa nyota mbili, na ya pili ni ya kiyoyozi. Binti wa pale dirishani alipaza sauti, "Mama, wewe ndiye unayetokwa na damu ukeni?" Benchi zima likageuka, akiwemo mzee mmoja aliyemsindikiza mkewe. Dada alifundisha darasa la saba miaka yote ile, hakubabaika. "Rudia mwanangu, wa nyuma hawajasikia." Watu wakacheka, binti akainamia kompyuta. Wenye kliniki, wekeni hata karatasi mtu ajaze shida yake kimyakimya.

Sasa daktari. Ni mama wa makamo. Alimwamkia dada shikamoo kabla hajagusa faili, na hakuandika chochote mpaka tulipomaliza kueleza. Mezani ana kizazi cha plastiki kinachofunguka vipande viwili; kokwa moja ya mayai imevunjika na imeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Kwa kile kidude alitufundisha mambo ambayo sikuwahi kuambiwa popote, na mimi nimepanda vitanda vya hospitali si haba.

Faibroidi, alisema, ni uvimbe wa misuli ya ukuta wa kizazi. Si saratani, na haigeuki saratani hivihivi. Ipo saratani ya misuli hiyohiyo, ila ni adimu sana na mara nyingi huanza yenyewe. Faibroidi inayozidi kukua baada ya hedhi kukatika ndiyo wanayoitilia shaka, kwa sababu kwa kawaida umri huo husinyaa. Hapo nikawakumbuka wale wauza dawa ya kuyeyusha faibroidi stendi. Mteja wa miaka hamsini na mbili akinunua chupa na uvimbe ukapungua, sifa zinakwenda kwa chupa.

Langu alilipata upesi. Nina uvimbe mkubwa wa sentimita saba nje ya ukuta, ambao ndio kila mtu alikuwa anauona na kuutolea macho. Daktari akasema huo hauna kesi, labda kunikimbiza chooni kwa kukandamiza kibofu. Mwenye kesi ni mdogo wa sentimita mbili uliochungulia ndani, kwenye uwazi wa kizazi. Inayochungulia ndani hata ikiwa ndogo humwaga damu. Ya nje inaweza kuwa kubwa na hedhi ikabaki ya kawaida. Nilipewa vidonge vya madini chuma kwa kuwa damu ilikuwa pungufu, nane, dawa ya kupunguza kutoka damu siku zile, na rufaa ya kwenda kuondolewa huo mdogo kwa kupitia njia ya chini bila kupasua tumbo. Hapo kwake hawafanyi upasuaji, na alisema wazi tangu mwanzo. Nilipenda hilo.

Kwa dada sauti yake ilibadilika kidogo. Mwanamke ambaye hedhi imekatika akiona damu, hata tone, hata mara moja, lazima achunguzwe ndani ya kizazi. Wengi watakutwa na utando wa ndani wa kizazi uliokauka au kijinyama kilichoota humo kisicho na madhara. Lakini takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya utando wa ndani, na hatuwezi kumjua kwa kumwangalia usoni.

Dada akasema ameshapimwa saratani kwa siki kwenye kampeni ya bure, akaambiwa yuko safi. Daktari akachukua kile cha plastiki, akaweka kidole chini kabisa: siki inaangalia hapa, kwenye mlango wa kizazi. Saratani ya mlango inaletwa na virusi vya HPV, na ndiyo inayowasumbua zaidi wanawake Tanzania. Chanjo ya mabinti zetu, iliyotolewa kwa majaribio hapa Kilimanjaro kuanzia mwaka 2014 kabla ya kwenda nchi nzima 2018, ni ya huko. Kisha akakifungua, akagusa ndani. Huku siki haifiki. Huku kinachochochea ni homoni ya estrojeni ikikosa mwenzake wa kuituliza, na baada ya hedhi kukatika mafuta ya mwili ndiyo yanayoitengeneza. Kwa hiyo uzito mkubwa huongeza hatari, na kisukari pia kimo. Dada anavyo vyote viwili. Daktari alilisema hilo bila kumsimanga, ambayo ni kazi, maana dada yangu hasemwi uzito na mtu.

Altrasaundi yake ilikuwa ya ndani, kwa kile kijiti wanachokivalisha kondomu. Kwa umri wake utando ulitakiwa usizidi milimita nne. Wake ulisoma kumi na moja. Kinyama kikachukuliwa palepale kwa mrija mwembamba wa plastiki, bila nusu kaputi. "Nimezaa watano, hili halinitishi," akasema, huku ameniminya mkono hadi pete ikaniachia alama.

Majibu yalichelewa kuliko walivyoahidi, na hakuna aliyepiga simu. Mimi ndiye niliyewasumbua. Ilikuwa saratani. Daktari alituita ndani, akafunga mlango, akaeleza kwa Kiswahili neno kwa neno kilichoandikwa kwenye ripoti. Vipimo vilivyofuata vilionesha bado imo ndani ya kizazi, na ikiwa hapo wengi hupona kwa upasuaji. Dada ametolewa kizazi, mirija na kokwa zote mbili katika hospitali ya rufaa. Sasa hivi ugomvi wake ni kwamba tumemkataza kubeba ndoo.

Mkienda, ombeni nakala ya picha na ripoti siku hiyohiyo, msisubiri kurudi. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, Jumatatu msijaribu. Jumamosi wanafunga saa saba mchana. Na choo cha wagonjwa ni kimoja tu, kwenye kliniki ambayo kila anayepigwa altrasaundi ya juu ya tumbo anaamriwa anywe lita nzima ya maji na kuibana. Mwenye mamlaka na aongeze choo.