Ushauri wa udahili wa uhandisi mjini Delhi: vyeti wanavijua, hesabu ya tabaka imewashinda

Mwezi Juni nilimsindikiza binti wa jirani yangu katika ofisi moja ya ushauri wa udahili hapa Delhi, ambayo kwa rupia 6,000 huipa familia mshauri wa kuisimamia tangu matokeo ya mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi yatoke hadi nafasi ilipiwe. Jina lake naliacha, maana ofisi za namna hiyo ni nyingi na zinauza huduma ileile kwa maneno yaleyale.

Haja ya huduma yenyewe siipingi. Nafasi za IIT na NIT, yaani vyuo vya uhandisi vya serikali kuu ya India, hugawiwa kwa pamoja na JoSAA, chombo cha serikali cha kugawa nafasi hizo, na kila chuo hutenga asilimia 15 kwa matabaka yaliyokuwa yakitengwa kama najisi, asilimia 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa, asilimia 27 kwa matabaka mengine yaliyo nyuma, yaani OBC, na tangu 2019 asilimia 10 kwa maskini wasiomo katika makundi hayo matatu. Familia ya binti huyu ni ya OBC, nao hawapati nafasi hizo kwa kuzaliwa tu: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya India ya mwaka 1992, wenye nacho miongoni mwao huondolewa, na cheti cha kuthibitisha kwamba mwombaji si mmoja wao sharti kiwe kipya.

Hapo ofisi ilistahili malipo yake. Kijana aliyetuhudumia alikigeuza cheti mara moja, akaweka kidole juu ya muhuri, akasema, "Mama, hiki ni cha Februari, JoSAA wanataka kilichotolewa kuanzia tarehe 1 Aprili ya mwaka huu." Mama mtu alikuwa amekitunza ndani ya mfuko wa plastiki kama hati ya shamba, asijue kwamba kimekwisha kazi. Kijana huyohuyo alipanga glasi tatu za chai mezani ili kueleza uamuzi unaomkabili mwanafunzi baada ya kila awamu: kutulia na nafasi aliyopewa, kuishika huku akingojea chuo kingine, au kubaki chuoni humo akingojea kozi bora. Sijasikia maelezo mepesi kuliko hayo. Kuhusu tarehe ya mwisho ya kulipa walipiga simu mpaka wakachosha, na siwalaumu, kwani mwaka 2024 kijana mmoja, mtoto wa kibarua, alipoteza nafasi yake IIT Dhanbad kwa kuchelewa kulipa rupia 17,500, hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru adahiliwe.

Kasoro ilijitokeza kwenye mapato, na ni kubwa. Baba wa binti ni karani wa ngazi ya chini serikalini na ana kipande cha shamba kijijini. Mshauri alijumlisha mshahara na mavuno, akapata rupia laki 8 na elfu 40 kwa mwaka, akatangaza kwamba familia imevuka kikomo cha laki 8 na kwamba binti aombe kama mtu asiye na kundi. Hesabu hiyo ni ya lile fungu la asilimia 10, ambalo kwalo kila senti ya familia huhesabiwa. Kwa OBC, mwongozo wa serikali wa mwaka 1993 unasema wazi kwamba mshahara na mapato ya kilimo havijumlishwi katika kipimo cha mapato, na mtumishi wa umma hupimwa kwa cheo chake. Vikomo viwili, cha OBC na cha fungu hilo, vimefanana tarakimu, basi mshauri akadhani ni kimoja. Lau tusingekwenda wenyewe kumuuliza ofisa anayetoa vyeti, binti angeachia haki yake akiwa amelipia ushauri wa kuiachia.

Jambo la pili liko ukutani. Chumba cha kungojea kina jedwali la rangi ambamo asilimia 40.5 zinazobaki zimeandikwa "za tabaka la juu", na chini yake nilimsikia mzazi mmoja akilalamika kwamba watu wa OBC "wanaiba hata hizo". Hakuna anayeiba. Nafasi hizo ni za wote, na mwombaji wa OBC aliyeshika namba nzuri huanza kufikiriwa humo kabla ya kurudi kwenye fungu lake. Ugomvi wa kweli upo, tena mzito: mwaka 2022 majaji watatu wa Mahakama ya Juu waliliunga mkono lile fungu la asilimia 10, wawili wakalikataa kwa kuwa linawaacha nje maskini wa matabaka ya chini. Lakini ofisi inayolipwa kuelimisha wazazi haina sababu ya kuwatilia chumvi kidondani.

Binti alipata nafasi ya NIT kwa fungu la OBC. Nikiulizwa, nitasema walipe wanaotaka kukaguliwa vyeti na kukumbushwa tarehe. Suala la nani anastahili fungu gani waliulize kwa ofisa wa serikali, bila malipo. Niliomba jedwali lirekebishwe na msimamizi akaandika ombi langu katika daftari. Nilipopita wiki iliyofuata lilikuwa palepale, ila limewekewa fremu.